Punguza Upepo

Gari si letu. Namba yake inaanza na S,
na Jumapili ile lilitakiwa liwe limelala
uani kwa wizara, chini ya turubai.
Lakini Baba Tumsifu alisema, ni Kigamboni tu,
tunavuka daraja, tunaona kiwanja, tunarudi.
Nani atajua?

Kiwanja: minazi miwili na kigingi cha mpima.
Dakika tano kikawa kimetuishia.
Akasema, tushuke ufukweni, watoto waione bahari
wakiwa ndani, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza.
Akashuka.

Mita arobaini za raha.
Kisha usukani ukawa mzito,
mchanga ukatukamata vifundoni,
na yeye, badala ya kusikiliza, akakanyaga.

Injini ikalia. Mchanga ukaruka hadi kioo cha nyuma.
Matairi yakachimba, kila moja shimo lake,
kwa bidii ya fundi kisima anayelipwa kwa futi.
Alipozima, tulikuwa tumekalia tumbo.

Sikudhani, muuza mihogo, akaacha karai motoni,
akaja, akatazama, akasema bila salamu:
"Leo bamvua. Saa kumi maji yatakuwa hapa,"
akagusa kwa mwiko kitasa cha mlango wa dereva.
"Mwaka jana kuna Prado ilikunywa."

Ilikuwa saa nane na nusu.
Vijana sita wakatokea, sijui wapi, wakataja bei.
Baba Tumsifu akataja cheo.
Bei ikapanda.

Wakasukuma. Akakanyaga.
Gari likazidi kukaa, kama mgeni aliyeambiwa
karibu, jisikie nyumbani.

Hapo nikashuka. Nikavua viatu.
Nikachomoa kibanio kichwani,
nikachutama kwenye tairi la mbele, upande wangu,
nikabonyeza vali.
Fsssss.

"Unafanya nini?"
Napunguza upepo.
"Gari la serikali!"
Hata la serikali.

Baba yangu aliendesha Landrover ya Idara ya Maji
huko Dodoma, kwenye makorongo ambayo mwaka mzima
yanapitisha mchanga, na maji siku mbili.
Likizo alinibeba, nimekaa juu ya sanduku la spana.
Aliinamisha shingo, akasikiliza tairi likitoa pumzi,
mdomo wazi kidogo, kama anayehesabu chenji,
kisha akasema: basi.
Tairi gumu ni kisigino, aliniambia. Tairi laini ni unyayo.
Mchanga unajua tofauti.

Miaka kumi na minne ya ndoa
hakuna aliyeniuliza baba yangu alikuwa nani barabarani.

Matairi manne. Nikaliinamia kila moja
mpaka ubavu ukatuna kama shavu la mtoto aliyelala.
Sikudhani akafukua kwa sahani ya bati,
vijana wakaburuta makuti,
povu likafika bampa ya nyuma, likarudi,
likafika tena, safari hii halikurudi lote.

Nikamwambia: weka gia nzito. Ondoka na ya pili.
Usikanyage. Usikate kona. Usisimame
mpaka uone majani.
Akaitikia kwa kichwa tu.

Gari likatikisika, likakohoa,
likapanda makuti polepole, likinesanesa,
zito, lisilo na haraka na mtu,
kama mjamzito kwenye ngazi za Mwananyamala.
Watoto walipiga makofi. Vijana walidai chao.
Sikudhani alikuwa amesharudi; mihogo ilikuwa imeungua,
tukainunua yote.

Kibada tukajaza upepo. Darajani tukalipa.
Nyumbani ndoo saba za maji na sabuni ya unga
kuiondoa chumvi isije ikasema Jumatatu.

Usiku, gizani, akauliza,
kwa sauti ambayo si ya ofisini:
"Yule mzee wako... alikuwa anaacha upepo kiasi gani?"

Nikamwacha asubiri.
Nje gari la watu lilikuwa bado linachuruzika.
Nikapapasa kibanio mezani, kina chembe chembe.

"Inategemea," nikamwambia,
"na mchanga."